Mkanda Mweusi wa Kumfungia Mtoto Mgongoni

Wapo watu wa Hedaru ambao mpaka leo wakiniona wananiinamia kama Wajapani, na mimi nawasonya, kwa hiyo bora niseme kwa mdomo wangu: ni kweli, nilijifanya mwalimu wa karate mbele ya soko zima, na maishani mwangu nilikuwa sijarusha ngumi hata ukutani. Chekeni mmalize, halafu mnisikilize.

Ilikuwa mwanzoni mwa enzi za ruksa, biashara zimeachiwa, mitumba imeanza kumwagika, watu waliokuwa juzi tu wanapanga foleni ya sabuni sasa wanachagua makoti ya Ulaya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mume yuko mbali (simtaji, hastahili wino), Eliza wangu wa miezi saba yuko mgongoni, na nilichokuwa nacho duniani ni meza moja ya mitumba pale mabasi yanaposimama. Meza ile ndiyo ilikuwa uji wa mtoto. Sasa kila siku ya gulio alikuwa anakuja kijana mmoja anaitwa Chogo, muuza viatu, jitu la mabega, anachukua shati analolipenda na kuondoka, na kabla hajaondoka ananiambia, "Dada, hapa ni pangu, ujue. Siku nikitaka viatu vyangu vikae hapa, utahama." Nilikuwa namwogopa, namwachia.

Siku moja nikafungua robota la nguo nikakuta mkanda mweusi, mrefu, mnene, wa kitambaa kigumu. Sikujua ni wa nini. Nikaona unafaa kukazia kanga ya mtoto, nikambeba Eliza, nikauzungusha mara mbili. Chogo akaja, akanyoosha mkono kwenye shati, akauona mkanda, na mkono ukarudi wenyewe. (Vijana wote wa barabarani walishaziona zile sinema za kupigana.)

"Dada... kumbe unacheza karate?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Nikasema, "Wewe unaonaje?"

Akaliacha shati! Magulio matatu hakunigusa, nami nikanenepa kwa uongo. Mama Nakijwa, muuza perege wa meza ya jirani, aliponiuliza nilijifunza wapi, nikamwambia kwa Wachina waliojenga reli ya Zambia, kwamba ndio walioanzisha mtindo wangu, na kanuni yake kubwa ni kumpiga mtu kabla hajakuzoea.

"Mwanangu," akasema, "huo uongo ukikua utadai kununuliwa viatu."

Haikupita wiki habari ikafika Same, kwa Shabani, fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge, mtu wa Tanga, aliyekuwa anafundisha karate kwenye ghala tupu. Siku ya gulio nikaona lori linasimama, anashuka Shabani na watu wake sita wamevaa meupe, na nyuma yao Chogo anatabasamu. Nilitaka kukimbia, lakini ukikimbia unaiacha meza.

Shabani alikuwa mfupi, mpole, mikono yote makovu. Akaniinamia. "Za kazi, mwalimu. Nimefurahi kusikia tuna mkubwa wetu huku. Mtindo gani?"

"Ule ule," nikasema.

"Upi?"

"Wa kawaida."

Watu wakaanza kusogea. Yeye akaeleza wake, taratibu, kana kwamba ananipa muda: kwamba ni mtindo mpya, wa juzi tu, kwamba mwanzilishi wake alikuwa Mjapani aliyekulia kwenye mchezo wa kwao wa kukamatana na kuangushana, halafu akajifunza karate ya visiwa vya kusini mwa nchi yao, akajiuliza kwa nini watu wanapokea ngumi kwa mfupa, akaviunganisha viwili. "Kwetu hushindani na nguvu. Unajitoa kidogo tu, ngumi inapita. Na mkono wako hauwi wa kwanza." Akanitazama. "Kwenu je?"

Nilisikia moyo wa Eliza mgongoni, au ulikuwa wangu, sijui.

"Kwake unapiga wa kwanza!" Chogo akapiga kelele. "Mama Eliza, mwoneshe!"

"Mwoneshe! Mwoneshe!" soko likaitikia.

Shabani akatikisa kichwa. "Hapana. Mwenye mtoto mgongoni hachezi. Tutaongea siku nyingine, mwalimu."

Jamani, alinifungulia mlango. Macho yake yalishajua kila kitu, yananiambia pita dada, nenda zako. Lakini Chogo akaangua kicheko, "Si niliwaambia ni mwongo? Kesho naleta viatu vyangu!" na ile hofu ya miezi yote ikanipanda kichwani ikawa hasira, na kwa kuwa Chogo nilikuwa simwezi, nikamrushia ngumi yule mpole, kwa sababu ndiye niliyejua hatanirudishia. (Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.)

Hakukinga. Aligeuza bega tu kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, nikapita na ngumi yangu na mtoto wangu, naiona meza ya perege inakuja, na kichwani kuna neno moja tu, Eliza. Nikahisi navutwa kiunoni. Alikuwa ameudaka mkanda pamoja na kanga, fundo likafumuka, Eliza akabaki kifuani kwake salama, mimi nikaendelea peke yangu mpaka katikati ya samaki, kanga yangu ya kiunoni huku, mimi kule, na gagulo langu la ndani lenye kiraka likitazamwa na abiria wa mabasi mawili.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Shabani akanikabidhi mtoto, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, unamwogopa nani hapa?"

Ningeweza kumwambia. Chogo alikuwa hatua nne tu kutoka pale, na wale wanaume sita walikuwa wamesimama wanangoja. Mimi nikajibu, "Wewe inakuhusu nini?" Nilikuwa na magamba mdomoni na bado najivuna.

Wakapanda lori, wakaondoka. Kesho yake meza yangu ilikuwa na viatu vya Chogo, vimepangwa vizuri.

Siku hizi napanda mpaka Chome kule milimani kwa miguu, mzigo kichwani, nauza nyumba kwa nyumba, na miguu inavimba. Na mtu akiniuliza jambo nisilolijua, nasema sijui, kwa sauti kubwa, kabla hajamaliza kuuliza. Akiniuliza kama kuna anayenionea, namtaja jina papo hapo.