Kunguni Wawili wa Kibuta

Kazi yangu, nikiieleza bila kuipamba, ni kuchungulia sehemu za siri za wadudu. Kunguni wa mimea wanafanana mno. Ukitaka kujua huyu ni spishi gani, unampasua dume tumbo, unatoa uume wake, unauweka chini ya hadubini. Mama mkwe wangu, mwanakwaya wa Kongowe, aliwahi kuniuliza nashinda nafanya nini ofisini. Nikamwambia. Tangu siku hiyo, mbele ya wageni husema mimi ni mwalimu.

Mwaka jana bahati ilinidondokea Kibuta, kwenye mikorosho ya bibi mmoja mjane. Nilitandaza shuka jeupe chini ya tawi, nikalichapa kwa fimbo, wakaanguka kunguni wa aina mbili nisiowajua: wengine weusi, wembamba, wenye mabawa marefu, wengine wa kijani, wanene, mabawa mafupi kama kizibao. Nilirudi ofisini Kibaha naimba. Nikapekua vitabu miezi mitatu, nikapima, nikachora. Hakuna aliyewahi kuwaandika. Spishi mpya mbili kwa mpigo! Nilishaanza kuwaza nguo ya kuvaa siku ya kupongezwa.

Kulikuwa na kasoro ndogo tu. Weusi wote walikuwa madume, na wa kijani wote majike. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nilirudi Kibuta kutafuta waliokosekana.

Bibi alinikuta nachapa tawi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo tena? Huu mkorosho umekukosea nini?"

Nikamweleza kwamba natafuta wake wa hawa weusi na waume wa hawa wa kijani. Akaniangalia, akavuta tawi la chini, akageuza jani.

"Kwani hawa wanafanya nini?"

Mweusi na wa kijani walikuwa wamegandana mkia kwa mkia, wametulia tuli.

"Labda wamekosea," nikasema.

Akageuza jani la pili. La tatu. "Wote?"

Nikageuza la nne mwenyewe.

"Mjukuu wangu, umesoma mpaka wapi?"

Nikamtajia shahada zangu. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa pindo la khanga. Nilitaka kukasirika, nikajikuta nimekaa pembeni yake nacheka pia.

Nilifuta nusu ya andiko langu la spishi mbili, ikabaki moja. Kwenye maelezo niliandika kwamba dume na jike wameonekana wakijamiiana juu ya jani la mkorosho, na sikusema nani aliwaona. Aibu ikanila siku mbili, nikafungua tena faili nikamtaja bibi kwenye shukrani.

Andiko lilipochapishwa nilimpelekea nakala. Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka. Nikamsomea jina la Kilatini la mdudu wake, taratibu, mara mbili.

"Zuri," akasema. "Na dawa yake?"

"Bado hatujajua hata kama ana madhara."

"Ananinyonya machipukizi kila mwaka, wewe unampa jina la kizungu!"

Akanikabidhi kapu. Tuliokota korosho mpaka adhuhuri, na safari hii nikaandika kila alichoniambia.