Muwa wa Kurudisha Nguvu

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kupima sukari katika zahanati moja hapa Kakamega. Mbele yangu aliketi mzee wa Shianda, mkulima wa miwa, kavaa raba mpya. Muuguzi alimdunga kidole, akapima damu, akakunja uso.

"Baba, sukari imepanda tena. Uliacha mazoezi?"

"Niache? Mimi nakimbianga kila asubuhi!"

"Na ukimaliza kukimbia, unakulanga nini?"

Mzee akachomoa kipande cha muwa mfukoni, akakiinua tukione sote. "Hiki tu, cha kurudisha nguvu."

"Lakini hiyo si ni sukari!"

"Sukari ni ile ya kiwandani, sista. Huu umetoka shambani kwangu. Haujapita kwa mashine yoyote."

Foleni nzima ikaitikia kwa vichwa. Muuguzi akamgusa tumbo kwa kalamu, polepole.

"Mashine ndiyo hii, baba."

Mzee alilitazama tumbo lake, kisha akarudisha muwa mfukoni. Hakuutupa.

Kila siku tunalia kwamba viwanda vyetu vinasimama kwa kukosa miwa. Hiki cha mzee hakijakosa hata asubuhi moja.