Debe la Makaa Katika Theluji ya Lebanoni

Sikuondoka kijijini kwetu Yakobi kwa hamu ya kuiona dunia. Vita vya pili vya Wazungu vilikuwa vimefika mahali ambapo Serikali ilitaka watu, jumbe wetu akaambiwa atoe wake, naye akaanza kutazama ni nyumba zipi zina vijana wasio na kazi ya mshahara. Yetu ilikuwa mojawapo. Upande wa Kifanya alichukuliwa Zakaria, mume wa dada yangu Eliza, mpasua mbao mrefu na mpole, mtoto wa pekee wa mama mjane.

Asubuhi ya kuondoka tulikusanywa bomani Njombe. Eliza alikuja na mtoto mgongoni, pamoja na mama mkwe wake. Mama Zakaria alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi. Alinishika mkono, akanivuta pembeni.

"Wewe ndiye mkubwa," alisema. "Huyu sina mwingine."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nitamrudisha."

Nilisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayeahidi kurudisha jembe la jirani.

Makambako tulifika kwa miguu jioni ya siku ya pili. Wakati ule palikuwa njia panda tu, na maduka machache ya bati, na upepo usiochoka. Tulilazwa Lyamkena katika banda la mahindi, tukingoja malori. Hapo tuliwakuta wenzetu kutoka Usangu, watu wa bondeni, wamejikunyata huku meno yakigongana. Tuliwacheka sana. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

"Ninyi baridi hamuijui," niliwaambia. "Kwetu mtoto huzaliwa nayo."

Nikawafundisha namna ya kulala. Kwetu moto hukaa katikati ya nyumba. Jioni unaacha kuni ziungue hadi ziwe makaa matupu, kisha unafunga mlango, unaziba nyufa kwa matambara, na joto linakaa na wewe mpaka jogoo. Mama zetu walitufundisha kwamba moto wenye moshi ndio mbaya, kwa kuwa huumiza macho na kifua. Moto usio na moshi hauna neno. Nyumba zetu ni za nyasi, na nyasi zinapumua, lakini hilo hakuna aliyelitaja, kwa sababu hakuna aliyewahi kulala katika nyumba isiyopumua.

Baada ya Iringa na Dodoma malori yalitupeleka kaskazini kwa siku nyingi za vumbi. Ng'ambo ya Arusha, asubuhi moja, mawingu yalifunguka tukauona mlima mkubwa wenye kichwa cheupe. Dereva alisema ile ni theluji. Neno lenyewe tulikuwa tumelisoma katika Biblia shuleni, na mwalimu wetu alilipita haraka kwa sababu hata yeye hakujua ni kitu gani. Zakaria alisimama juu ya mizigo akaitazama mpaka mlima ukapotea.

"Shemeji," aliniambia, "ningependa kuishika siku moja."

Misri tulifika kwa meli. Hatukupewa bunduki, tulipewa sururu na makoleo, kazi yetu ikiwa kupakua mizigo na kutengeneza barabara. Mchana jua la jangwani lilitupiga. Jua likizama, mchanga ule ule uliotuunguza miguu ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Niliona ni baridi ya kawaida tu, nikazidi kujisifu. Palestina tulikuta majira ya mvua, mvua ya baridi inayonyesha kwa ubavu, matope hadi magotini. Huko nako niliwaambia wenzangu kwamba Njombe mwezi wa Juni ni kali zaidi. Zakaria alikuwa akicheka tu. Alikuwa ameanza kukohoa, ila hakuwa mtu wa kulalamika.

Lebanoni ndiko tulikopelekwa mwishoni, tuitunze barabara inayopanda mlimani ili malori yapite. Tulipiga mahema karibu na kijiji cha nyumba za mawe. Siku ya tatu, asubuhi, nilisikia ukimya wa ajabu nje. Nikatoka. Kitu cheupe kilikuwa kinashuka taratibu kama unga unaochekechwa. Mvua ya kwetu husema inapokuja. Hii haikusema kitu. Zakaria alitoka nyuma yangu bila kofia, akakinga viganja vyote viwili, akacheka kama mtoto. Namshukuru Mungu kwamba aliishika.

Furaha hiyo haikumaliza juma. Theluji ilijaa mpaka kiunoni, ikafukia barabara, tukawa tunaiondoa kwa makoleo tangu kukicha, na tulichoondoa leo kesho kilikuwa kimerudi. Vidole vilikufa ganzi. Mmoja wetu, mtu wa Songea, alikatwa vidole viwili vya mguu. Buti zikilowa jioni, asubuhi zilikuwa ngumu kama mbao. Hapo nilinyamaza kuisifia baridi ya Njombe, lakini bado nilijiona fundi wa kuishinda.

Mzee mmoja wa kijijini alikuwa akituuzia makaa. Alikuja na punda wake, akatukuta mimi na Zakaria tukitoboa matundu katika debe tupu la petroli ili tulifanye jiko. Aliponiona nalijaribu ndani ya hema alitikisa kichwa. Akaufungua mlango wa hema, akaufunga, akaufungua tena. Akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akafumba macho, akakiinamisha begani. Lugha yake hatukuijua. Mimi nilidhani anasema kwamba nikiota moto ule nitapata usingizi mzuri, nikamjibu kwa Kiswahili, "Ndiyo, mzee, ndicho tunachotaka." Alinitazama kwa muda, akaufungua mlango mara ya mwisho, akaondoka na punda wake.

Asubuhi iliyofuata Zakaria aliamka na homa. Sajini wetu, Mnyamwezi wa Tabora, alimruhusu apumzike. Kabla sijaenda kazini niliwasha makaa nje, nikangoja mpaka moshi wote uishe, nikaliingiza debe na kuliweka miguuni pake. Nikafunga kamba za mlango. Nikazungushia pindo la hema udongo na theluji, nikaishindilia kwa koleo ili upepo usipate pa kupenya. Juu ya turubai theluji ilikuwa imelala nene, nikaona hiyo nayo itasaidia kushika joto.

"Shemeji, leo umenijengea nyumba ya Kibena," aliniambia kutoka ndani.

"Lala," nilimwambia.

Alasiri tuliporudi ilibidi nitumie koleo kuufungua mlango. Hewa ya ndani ilikuwa ya joto, nzuri. Makaa yalikuwa yamebaki majivu. Zakaria alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, uso umetulia na midomo imeiva wekundu kuliko alipokuwa mzima. Nilimwita. Nilimtikisa. Nilimwita kwa Kibena, nikamwita kwa jina la mama yake.

Daktari alikuja, akalitazama debe, akatazama mlango. Alieleza, na sajini akatufasiria, kwamba makaa hutoa hewa isiyo na harufu wala moshi, na mahali palipozibwa hewa hiyo humwua mtu katika usingizi wake. Nilisikia kila neno. Tulichimba kaburi siku nzima, kwa sababu ardhi ilikuwa imeganda na sururu ziliruka kama zimegonga chuma.

Baada ya mazishi sajini alinichukua kando.

"Wewe unarudi kwa watu wake?"

"Ni mume wa dada yangu."

"Basi ukifika sema ni baridi. Theluji haina wa kuichukia."

Alisema kwa huruma, na mimi niliyachukua maneno yale kama mtu aliyepewa blanketi.

Vita vilipokwisha tulirudi kwa meli hadi Dar es Salaam, kwa treni hadi Dodoma, na kwa lori hadi Makambako. Ilikuwa Julai. Nikiwa nangoja kupambazuke vizuri nianze safari ya miguu, mwenye kibanda cha chai aliiona kofia yangu ya jeshi.

"Kamwene, afande. Wanasema huko kuna theluji. Ikoje?"

Nikamweleza. Watu wakasogea. Nikawaambia kwamba ilimwua shemeji yangu, kwamba iliingia hemani ikamgandisha pale alipolala. Walishika midomo. Mmoja alininunulia chai ya pili. Nikayatia maneno yangu chumvi. Ile ndiyo mara ya kwanza nilipousema uongo huo kwa sauti, na aibu yangu ni kwamba ulinijia kwa urahisi. Huwa tunasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilitoka Lebanoni hadi Kifanya.

Njiani kuelekea Njombe sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imeyavika majani weupe pande zote mbili za barabara. Nilitembea nikitazama vidole vya miguu yangu.

Kifanya walikuwa wamekwisha kupata barua ya bomani, iliyosema tu kwamba Zakaria amefariki. Uani palijaa watu. Eliza alilia shingoni kwangu. Mama Zakaria hakulia. Aliniketisha mbele yake akauliza, "Alikufaje?"

"Baridi, mama. Theluji ilimwua."

"Theluji ndiyo nini?"

Nikamweleza vizuri kabisa. Nilimweleza buti zinavyoganda na vidole vinavyokatwa.

"Alitetemeka?"

Niliona kwamba uongo wangu unataka jibu la kukubali. "Kidogo, mama," nilisema.

Nikaenda zangu Yakobi. Wiki tatu baadaye, mchana, Eliza alifika peke yake, miguu imejaa vumbi, akakataa hata maji.

"Kaka, mama hataki moto."

"Hataki vipi?"

"Tangu ulipoondoka. Anatandika ngozi karibu na mlango na kulala bila blanketi. Nikimvuta motoni ananiambia, mwanangu amekufa kwa baridi, mimi niote moto nina nini? Sasa anakohoa damu. Mchungaji amekuja, ameshindwa. Wewe ndiye uliyekuwako. Njoo useme naye neno."

Tuliondoka saa ile ile. Njia nzima nilikuwa nikitafuta uongo mwingine mdogo utakaoufuta ule wa kwanza, na sikuupata. Tulipofika jua lilikuwa bado juu kidogo, lakini baridi ilikuwa imekwisha kushuka. Mama Zakaria alikuwa ameketi kizingitini, mabega wazi, ngozi ya mikono imepauka. Katikati ya nyumba moto ulikuwa unawaka bila mtu.

Nilipiga magoti. Nilimweleza yote: debe, makaa, udongo nilioushindilia, mzee na punda wake, daktari. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyefunga kamba za mlango. Eliza alikuwa amesimama nyuma yangu na nilisikia pumzi yake ikikatika. Mama Zakaria alinisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo hakuona baridi?" aliuliza.

"Hakuona, mama. Hema lilikuwa na joto. Alilala."

"Hakutetemeka?"

"Hakutetemeka."

Aligeuka akautazama moto. Kisha akamnyoshea Eliza mkono. "Nisogeze motoni," alisema. Eliza akambeba jinsi anavyobebwa mtoto, akamweka karibu na mafiga, akamfunika blanketi mbili. Mama Zakaria aliinyosha mikono yake juu ya moto. Hakunitazama.

"Ungeniambia siku ile," alisema.

Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana. Ni Eliza aliyenijia, akanipa kofia yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, nenda nyumbani." Mwaka mzima hakunitembelea, na mtoto wake hadi leo hunisalimu akiwa mbali.

Mwezi haukuisha, Mama Zakaria akafariki. Msaidizi wa zahanati alisema ni kichomi, na kwamba kilikuwa kimekaa kifuani muda mrefu mno. Nilikwenda kuchimba kaburi bila kuitwa. Wanaume wa Kifanya walinipa jembe wakasogea mbali nami, wakaniacha nichimbe upande wangu. Udongo wa kule ni laini, kazi ilikwisha mapema.

Watu bado hunisimamisha gulioni Njombe wakitaka niwasimulie. Wanataka mlima wenye kichwa cheupe, wanataka buti zilizoganda, na yote hayo nawapa kwa sababu ni kweli. Nawaambia pia wasiingize makaa ndani ya nyumba za bati wanazojenga siku hizi bila kuacha dirisha wazi, hata kama hawaoni moshi. Lakini wakiniuliza kama theluji inaua, nawajibu kwamba mtu wa nyumba yetu haikumwua hata mmoja. Zakaria aliuawa na moto wangu, na mama yake aliuawa na baridi niliyoitunga mimi.