Vidole Pembeni mwa Picha

Shemeji yangu ni mpiga picha, na mtaani wanamwita Cheka Kidogo, kwa sababu hilo ndilo neno analomwambia kila mteja kabla ya kubonyeza kamera. Studio yake ni chumba kimoja kilichopakana na karakana yangu ya fremu. Ukuta unaotutenganisha umelowa maji ya bomba bovu tangu zamani, haushiki msumari. Ukipigilia leo, kesho utaukuta chini pamoja na kipande cha plasta.

Kwa hiyo shuka jeupe la kuweka nyuma ya wateja halikutundikwa. Lilishikwa. Aliyelishika ni dada yangu, mke wake, amenyoosha mikono huku na huku, yeye mwenyewe kajificha nyuma. Akija mtu mrefu shuka linapanda, akija mtoto linashuka. Mizaha nayo ilitoka huko huko nyuma ya shuka. Mlinzi wa ghala aliambiwa, "Baba, usitoe macho hivyo, hapa hakuna mwizi." Msichana aliyejiremba kupita kiasi aliambiwa, "Tulia mwanangu, mchumba hajafika bado." Mteja anacheka, shemeji anabonyeza, sifa zinakwenda kwa mwenye kamera. Mimi ni mtu wa haya, sikuwa naingia ingia kwao. Nilisikia yote kupitia ukutani, nikacheka peke yangu na randa mkononi.

Kila picha ilitoka na vidole vya dada pembeni, kulia na kushoto. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na kovu la pasi, alilolipata akinyoosha shuka hilo hilo. Shemeji alikuwa akivifuta kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe ni kuukuu. Binti yao, fundi wa kompyuta anayeishi mji mwingine, aliiwekea mfumo mwepesi wa Linux ili iendelee kupumua, na ndani yake programu ya kurekebisha picha iitwayo GIMP. Dada alikuwa akiiita mke mwenzangu, kwa jinsi shemeji alivyokaa nayo. Basi shemeji alifuta vidole, kisha akahifadhi juu ya picha ile ile, ya kwanza ikapotea.

"Baba, ile ya kwanza iache," binti alimwambia kila alipokuja. "Hifadhi ya pili kando."

"Picha mbili za sura moja za nini? Diski yenyewe imejaa kama gunia la mkaa."

Dada hakupenda kupigwa picha. Alisema akitaka kujiona anacho kioo. Picha yao ya harusi ilinyeshewa ikagandana na kioo cha fremu. Tulipoibandua, uso wake ulibaki kwenye kioo, ukapukutika. Simu yake ilikuwa ya tochi tu, isiyo na kamera. Simu ya binti, iliyokuwa na picha zake chache, iliporwa stendi. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, nasi tulikuwa tukicheka kwamba nyumba ya mpiga picha kuta zake ni tupu.

Kisha dada akashikwa na homa. Tulidhani ni ya kupita. Haikupita.

Baada ya maziko binti aliniambia, "Mjomba, nitengenezee fremu ya mama. Nataka niondoke naye." Nilichagua mbao ngumu, nikaipiga msasa mpaka ikawa laini kama shavu. Fremu ikawa tayari, picha ya kutia haipo. Iliyokuwepo ni ya kitambulisho, ndogo, imefifia, macho yamemtoka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Binti akaketi mbele ya kompyuta, nasi wawili tumesimama nyuma yake.

"Baba, mashine imechoka na diski haina nafasi. Iliyobaki inatosha programu moja. Kuna hii yako ya kurekebisha, na kuna nyingine ya kupanga, digiKam. Hiyo inapitia picha zote, inakusanya sura, inakuuliza huyu ni nani. Chagua."

"Kupanga kwa nini? Zimelala humo, ziache zilale."

"Huenda mama ametokea mahali. Nyuma ya mtu, hata kwa bahati mbaya."

"Nitamtengeneza kwenye hii ya kitambulisho. Nimetengeneza wenye makengeza wakaenda kuposa, nitashindwa mke wangu?"

"Mama hatengenezwi, baba! Anatafutwa."

Shemeji akavuta kiti, akaanza kazi. Aliikuza ile picha, akayatuliza macho, akainyanyua midomo kidogo, akafuta mikunjo. Alifanya hivyo mchana kutwa, na chai yake ikapoa mezani bila kuguswa. Mwishoni alinigeukia.

"Shemeji, unamwonaje dada yako?"

Nilikusudia kusema ni mzuri. Mtu wa haya ni mwepesi wa kukubali. Lakini maneno yalinitoka: "Shemeji, huyu simjui."

Akaitazama skrini. Mwanamke alikuwa laini, safi, ametulia kama tangazo la sabuni.

"Hata mimi," akasema. Kisha akamwambia binti, "Ondoa hii. Weka hiyo yako."

Programu ikaanza kupitia picha za miaka yote. Sura zikajipanga safu kwa safu: walimu, wauza duka, wanafunzi, wazee wa mtaa, karibu wote wanacheka, na chini ya kila sura swali, huyu ni nani? Tulipitia zote. Dada hakuwamo. Shemeji akaanza kufungua moja moja, akiangalia pembeni tu. Peupe. Nyingine, peupe. Hata ukucha haupo.

"Kazi nzuri hii," alisema, kwa sauti nisiyoijua. "Oneni nilivyokuwa hodari. Kila siku nilikuwa namfuta."

Binti alimshika bega.

Miongoni mwa picha zilizoharibika ndipo akatokea yule mlinzi wa ghala. Alikuwa amecheka mpaka kichwa kimelala begani, macho ameyafumba. Kwa kitambulisho haikufaa, wakapiga nyingine, na hii mbovu hakuna aliyejisumbua kuifuta vidole. Shuka lilikuwa limelegea katikati, maana aliyelishika naye alikuwa hajiwezi kwa kicheko. Vidole vyote vilikuwepo pembeni, pamoja na kovu la pasi, na juu ya shuka kilichungulia kitambaa chake cha kichwa. Uso haukuonekana.

Shemeji aliweka kidole chake juu ya kovu, kwenye skrini, akakiacha hapo.

Wakaichapa. Hapo ikawa zamu yangu. Fremu hula ukingo wa picha, upana wa ukucha hivi kila upande, na kwa kawaida hakuna anayejali. Ningeitia kwenye fremu yangu nzuri, mbao ingemfunika dada tena. Nikaivunja ile fremu. Nikaibana picha katikati ya vioo viwili vilivyoipita ukubwa, mbao ikashika vioo tu, vidole vikaonekana vyote.

Binti aliipokea, akaitazama sana. "Watu wataniuliza huyu baba anayecheka ni nani."

"Waambie ni mlinzi," shemeji alisema. "Mama yako ndiye ameshika shuka."

Aliondoka nayo ameikumbatia kifuani.

Ukuta bado haushiki msumari. Siku hizi akija mteja, shemeji hugonga ukuta, nami naacha randa naenda kusimama nyuma ya shuka. Vidole vyangu vikitokea, programu ile ya kupanga ina mkasi wake mdogo wa kukata ukingo, na picha ya kwanza inabaki ilivyo. Shemeji sasa haifuti kabisa ya kwanza. Anainua kamera, anasema, "Cheka kidogo." Mteja anakaza midomo. Shemeji habonyezi, najua anangoja sauti kutoka nyuma ya shuka. Nami nimesimama na mikono juu, natafuta mzaha, siupati.