Namba ya Majeruhi wa Vita

Hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine. Wakati wa vita nilikuwa karani wa masijala katika hospitali moja wilayani Ngara. Kila ugonjwa ulikuwa na namba yake kitabuni, nami niliiandika juu ya jalada la mgonjwa ili hata baada ya miaka mingi lipatikane. Nilijiona bingwa.

Siku moja akaletwa mzee kutoka upande wa Rulenge, mguu umevunjika.

"Shikamoo, mzee. Umeumizwa na nani?"

"Marahaba, mwanangu. Nimepigwa na Nduli."

Nduli! Ndivyo redio ilivyomwita adui yetu kila siku. Sikuuliza zaidi. Niliandika maneno yake, nikaweka namba ya majeruhi wa vita, na jalada nikalipanga kwenye rafu yao.

Jumamosi viongozi wakaja kuwapongeza majeruhi kwa sukari na sabuni, vitu vilivyokuwa vimeadimika madukani. Majina waliyatoa kwenye rafu yangu. Mzee alipopewa vyake, kiongozi wao akamwomba aeleze alivyopambana na Nduli.

"Nilikuwa namfunga kamba, akanirusha."

"Ulimfunga Nduli kamba?"

"Kila jioni namfunga. Ni dume langu la ng'ombe, kali sana."

Mganga mkuu akalitazama jalada, kisha akauliza taratibu, "Nani aliandika namba hii?"

Nilitazama sakafu. Mzee, kwa shukrani kabisa, akaninyooshea kidole.

"Ni binti huyu. Sijawahi kuandikwa kwa heshima namna hii."