Kwazi wa Rutamba

Nakumbuka asubuhi moja kule Rutamba, mwanangu, ukungu umelala juu ya ziwa, vilima vimepinduka majini, hata sikujua vya kweli ni vipi. Nilikuwa msichana wa Mitwero, mpiga picha za harusi, na kamera yangu ya filamu haikunitoka shingoni. Nilikwenda kumsaidia shangazi yangu, Bi Somoe, kuokota korosho. Lakini moyo wangu ulikuwa kwa kwazi, yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe. Nilikuwa nikimwota. Nilitaka picha yake ya karibu, hata jicho lionekane.

Kiota chake kilikuwa juu ya mkuyu, ubavuni mwa kilima. Nikapanda kilima mpaka nikawa usawa wa kiota. Kwazi akaruka, akawa anazunguka juu yangu akilia. Nami nikafurahi, nikidhani ananipa nafasi. Sikuwaona kunguru waliokuwa wakisogea tawi kwa tawi.

Shangazi, aliyenifuata polepole, akanishika bega.

"Shuka, Zuhura. Ana kinda mle."

Nikamwambia picha moja tu, shangazi, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akatabasamu kidogo.

"Umeinama mvunguni mwa nani? Wewe ukiwa na mtoto mchanga ndani, na mgeni asiyepiga hodi kasimama mlangoni, utalala?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na shangazi alikuwa amezika wawili. Nikashuka, machozi yakinilenga. Tukaketi mbali, kwenye matete. Kwazi akarudi kiotani, kunguru wakatawanyika. Ukungu ukapanda taratibu kama moshi wa udi, ziwa likafunguka, na dume wake akatokea katikati ya nuru ya asubuhi, amebeba samaki. Nikabonyeza, hata sijui kama nilikusudia.

Picha hiyo ipo ukutani kwangu. Wageni huona maji na vilima, kisha huuliza tai yuko wapi. Nami huwaonyesha kidoa mfano wa punje ya mchele.

Mwanangu, siku hizi simu haikutoki mkononi, na pwani yetu hii ina mengi ya kustaajabisha. Macho hayana pazia. Tazama upendavyo, ila miguu yako iwe na adabu. Piga hodi hata kwa ndege, na asipokukaribisha, rudi nyuma. Uzuri haukimbii anayeupisha.

Mola akujaalie macho yasiyochoka kustaajabu, na akufanye mgeni ambaye hata mwenye kinda hamwogopi. Amina.