Masale Matatu ya Mpakani

Juzi fundi viatu wa hapa Soweto, Moshi mjini, alikunjua gazeti akatoa kipande cha ngozi mpya, na mimi niliyesimama na kiatu kimoja mkononi nikajikuta niko kijijini kwetu Uru, nina miaka minane, nanusa mpira wa kriketi. Msicheke. Mpira ule ulikuwa wa ngozi nyekundu, mgumu ajabu. Mwalimu wa michezo alimwazima dada yangu Resti aje nao nyumbani likizo, pamoja na gongo lake la kupigia, na usiku wa kwanza nililala nao puani.

Resti mnamjua. Ndiye yule aliyeichezea timu ya taifa ya wanawake miaka na miaka, akipiga, akirusha, akidaka, kazi ambazo wengine huchagua moja na bado ikawashinda. Lakini wakati ninaousimulia alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano mwenye barua moja kutoka Dar es Salaam. Barua ilisema ameitwa kambini, na watakaofanya vizuri watasafiri na timu ya wasichana. Baba alikubali baada ya mama kumbembeleza wiki nzima, tena kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Resti akawa anafanya mazoezi kila siku pale tulipoanikia kahawa, na mpinzani wake pekee nilikuwa mimi. Anarusha, napiga hewa, mpira unaangusha vile vijiti vitatu ninavyotakiwa kuvilinda nyuma yangu, kisha unateremka migombani hadi kwenye mfereji wa maji. Nikiurudisha ananiambia, "Tena!" Aisee, nilikoma.

Vijiti vyetu vilikuwa vya mibuni mikavu, na vilivunjika ovyo. "Kesho utafute vilivyonyooka," aliniambia. Nikavitafuta. Kihamba chetu, shamba linalozunguka nyumba, kilipopakana na cha Baba Mkubwa Eligi, kaka yake baba, palikuwa na masale yamesimama mstari mmoja, membamba, yamenyooka, majani yako kichwani tu. Nikang'oa matatu. Mvua ilikuwa imenyesha, hata sikutumia nguvu.

Mtu wa Kilimanjaro akifika hapo ameshashika kichwa. Kwa asiye wa huku nieleze: isale ndilo mpaka wetu. Wazee wakishalipanda, mjadala umefungwa, na kuling'oa ni sawa na kumwibia jirani shamba. Yale aliyapanda babu kwa mkono wake, ili wanawe wawili waache kugombana, na hakukaa sana akafariki. Mimi nilikuwa darasa la pili. Hayo yote ningeyajulia wapi?

Resti alicheka sana kuona vijiti vyenye nywele. "Umevitoa wapi?" "Huko chini." Chini kulikuwa na masale mengine kando ya banda la ng'ombe, akaridhika. Tukacheza. Jioni, mimi mtoto mwema, nikayarudisha. Mashimo yangu sikuyaona tena, majani ya migomba yalikuwa yameyafunika, nikachimba mapya hatua mbili ndani zaidi, upande wa Baba Mkubwa. Kwenye hatua hizo mbili kulikuwa na mibuni yake mitatu.

Keshokutwa yake Baba Mkubwa alisimama uani kwetu bila hata hodi.

"Mdogo wangu," alimwambia baba, "ulikuwa unangoja mzee afe ndipo unihamishie mpaka?"

Baba akaapa. Baba Mkubwa akamwambia aache kumsumbua Mungu. Toka siku hiyo wakawa wanapishana njiani kimya, na kikao cha ukoo kikaitishwa Jumapili baada ya misa. Mama aliunguza ndizi mara mbili wiki ile, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Resti naye alitakiwa Dar Jumatano inayofuata.

Alhamisi, tukikata majani ya ng'ombe, nilishindwa kuvumilia nikamwambia Resti kila kitu, kamasi zinanitoka. Aliendelea kukata. Akafunga mzigo wake, akakaza kamba, ndipo akasema, "Usimwambie mtu. Umenisikia? Hata mama."

Jumapili wazee waliketi uani kwa Baba Mkubwa. Pombe ya mbege ilikuwepo, lakini hakuna aliyeigusa. Resti akaingia na jani la isale amelifunga fundo, akapiga magoti. Maana kwetu isale ndilo la mpaka na ndilo la kuombea msamaha, na ukiletewa, huwezi kukataa, hata uwe umeumizwa namna gani.

"Shikamoo Baba Mkubwa. Ni mimi niliyeng'oa. Nilitaka vijiti vya kuchezea, nikakosea kurudisha. Baba hajui lolote. Naomba unisamehe."

"Ruwa wangu!" Baba Mkubwa akaruka, akimwita Mungu kwa Kichaga. "Mtoto huyu alitaka kutuulia undugu kwa sababu ya mpira?" Lakini jani alilipokea. Akainuka akamshika baba mkono, na hawakuachiana upesi. Kisha baba akamgeukia Resti. "Mchezo huo umekwisha. Dar huendi."

Nilikuwa nyuma ya mama. Nilifungua mdomo, kweli nilifungua. Resti akanitazama, nikaufunga. Na nisiwadanganye: nilifurahi. Fimbo ya baba niliijua vizuri.

Timu ya wasichana ilisafiri mwaka ule bila yeye. Mwaka uliofuata Baba Mkubwa mwenyewe ndiye aliyekuja kumbembeleza baba, Resti akaitwa tena, na mengine mliyaona: siku ile alipowatoa wapinzani kwa mpira wake, kisha akashika gongo na kubaki uwanjani mpaka ushindi. Goti lilipomshinda akastaafu, sasa anafundisha wasichana huko Dar.

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza kwa nini hakunitaja. Akashangaa hata swali lenyewe.

"Ningekutaja, Baba Mkubwa angesema baba amemtuma mtoto. Wewe ulikuwa huna cha kupoteza. Mimi nilikuwa na safari, ndiyo maana waliniamini."

Miaka yote nilidhani aliniokoa na fimbo. Kumbe aliwaokoa ndugu wawili, kwa kitu kimoja tu alichokuwa nacho duniani. Niliona aibu, na nilimpenda kuliko zamani.

Krismasi iliyopita ukoo mzima ulikuwa Uru, na Baba Mkubwa, mzee sana sasa, akaanza tena kisa chake cha Resti na masale. Nikasimama. "Baba Mkubwa, si Resti. Niling'oa mimi."

Watu wakaangua kicheko. "Kaa chini wewe!" Baba Mkubwa akanipungia mkono. "Dada yako akishapata jina, kila mtu anataka kipande!"

Resti peke yake hakucheka. Alisogea kwenye benchi, akanivuta mkono nikae karibu naye.